Kidole Gumba cha Fundi wa Baiskeli

Kidole gumba chake cha kulia kilikuwa kipana kama kijiko. Ngozi ya ncha yake ilikuwa imesuguka hadi ikang'aa, na katikati kulikuwa na ufa mweusi wa grisi ambao haukutoka hata kwa mafuta ya taa. Kwa kidole hicho alikuwa akisimamisha kigurudumu cha kuvulia samaki kinachozunguka kasi kuliko jicho, bila kukata uzi. Na kwa kidole hicho hicho, mimi nikitazama, alimbonyeza mtu jicho kwenye foleni ya maji pale Lindi, ndani ya Kibera, hadi yule mtu akakojoa amesimama. Kosa lake lilikuwa kusogeza debe.

Nilimwita Fundi, kama kila mtu. Alikuwa fundi wa baiskeli. Kibanda chake cha kazi kilikuwa Kawangware, upande wa kuelekea Riruta Satellite, na chumba chake kilikuwa Kibera, ukuta mmoja na changu. Mimi wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la sita, na kazi nilizofanya zilikuwa za wiki mbili mbili: kubeba mchanga, kuosha vyombo hotelini, kuuza magazeti. Sikukaa karibu naye kwa sababu nilimpenda. Nilitaka kujua kigurudumu chake kinavyofanya kazi. Siku hizo nilitaka kujua kila kitu.

Nilijua mengi kwake, na moja ningependa nisingelijua: kwamba mtu mmoja Kawangware aliitwa mwizi mbele ya soko zima, akasagwa mkono, na kwamba watu wawili tu ndio waliojua hakuwa mwizi. Mmoja alikuwa Fundi. Wa pili mimi.

Lakini nianze na kigurudumu.

Pale Dam, lile bwawa lililo chini ya Kibera, watu wengi walivua kwa uzi uliozungushiwa mkebe wa maziwa ya unga. Wachache wenye magari walikuja Jumapili na mashine za dukani zenye breki ndani, ambazo samaki akivuta zinalia kriii. Fundi hakuwa na mkebe wala mashine. Alikuwa na fimbo ya mwanzi yenye pete za waya, na chini yake, karibu na kiganja, kigurudumu cha mbao kipana kama sahani ya chai. Alikuwa amekichonga kutoka meza ya cherehani iliyoungua nusu. Katikati yake hakuweka msumari. Aliweka habu ya baiskeli, yaani ule moyo wa gurudumu ambamo ekseli hupita na gololi huzunguka. Pembeni kulikuwa na vishikio viwili vya mfupa wa ng'ombe, vya kuzungushia uzi kuurudisha. Ni hayo tu. Hakuna springi, hakuna meno, hakuna breki. Ukikisukuma kidogo kinazunguka, na kitaendelea kuzunguka mpaka kitakapochoka chenyewe.

Kabla ya uhuru alikuwa amemfanyia kazi Mzungu mmoja upande wa Karen, kazi ya kutunza bustani na kupaka mafuta vyombo vya kuvulia. Mzungu alikuwa na kigurudumu cha aina hiyo, cha shaba. Alipoondoka nchini aliondoka nacho.

"Alibeba chuma," Fundi alikuwa akisema. "Kidole aliniachia mimi."

Siku ya kwanza nilimwuliza breki iko wapi. Akanisogezea kidole gumba mpaka kikanigusa pua.

"Hii hapa."

"Na ukichelewa kukanyaga?"

"Shika. Utaona."

Kurusha kulikuwa hivi. Kidole gumba kinakaa kwenye ukingo wa kigurudumu. Unaipeleka fimbo nyuma taratibu, risasi ya kuzamisha uzi na chelezo vikining'inia, kisha unaileta mbele kwa mzunguko wa kiuno, si wa mkono. Risasi inapoanza kuvuta, unakiinua kidole upana wa unywele, na vidole vya mkono wa kushoto vinauvuta uzi kidogo kukiamsha kigurudumu. Kikiamka, risasi inakwenda peke yake. Kinalia kama nyuki ndani ya chupa. Sasa kazi yote ni ya kidole: kugusa bila kushika. Risasi inapokaribia maji inapunguza mwendo, lakini kigurudumu hakijui hilo, bado kina hasira ya mwanzo. Lazima ukisimamishe kabla risasi haijagusa maji. Ukiwahi, uzi unakatika na risasi inaenda zake. Ukichelewa, kigurudumu kinaendelea kumwaga uzi usio na pa kwenda.

Nilichelewa. Uzi ulifura, ukajirudia, ukajifunga mafundo mia kwa wakati mmoja. Fundi aliuita mkorogo huo "nywele za kichaa". Alinipiga kisogoni kwa kitako cha fimbo, nikaona giza, nikapiga magoti kwenye matope.

"Sasa kidole kimesikia," akasema.

Kisha akaketi, akaweka ule mkorogo mapajani, akaufungua fundo baada ya fundo, kwa saa mbili hivi, bila kukata hata inchi moja, akiimba kwa sauti ya chini. Mtu ambaye hangeweza kungoja zamu yake ya maji bila kutoboa mtu jicho! Nilikaa kando na kisogo kilichovimba, nikimwangalia, na nikaona kwamba sitaondoka.

Hasira yake haikuwa na ngazi. Mtu mwingine huanza kwa kununa, akapandisha sauti, akashika kola. Fundi alikuwa anacheka na wewe, halafu uko chini. Mwenye gari mmoja alifika Dam Jumapili akakuta jiwe la Fundi, lile bapa lililoingia majini, akatandika kitambaa chake hapo. Fundi akamsalimia vizuri sana, akamwuliza habari za nyumbani, akamwinua kwa mkanda wa suruali na kumtupa majini na kiti chake. Alipojaribu kutoka alimsukuma tena kwa mguu. Mara tatu. Ya nne nilimshika mimi, na jino langu la mbele lililopungua lilipungua siku hiyo.

Mke wake alikuwa amerudi Machakos na watoto wawili, taya limefungwa kwa leso. Hilo aliniambia mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayetaja mvua ya mwaka jana. Na kila mwisho wa mwezi alipasua samaki wa ngege, akawatia chumvi, akawaanika juu ya bati, akawafunga kwa gazeti na kuwapeleka kwenye basi la Machakos. Sikuona jibu hata moja. Aliendelea kutuma.

Samaki mkubwa kuliko wote niliowaona akiwapata alikuwa kambare, mrefu kama mtoto wa miaka minne. Alimeza ndoana akageuka kuelekea kwenye matete. Kigurudumu kikazunguka kinyume, na vile vishikio vya mfupa vikaanza kumpiga Fundi vifundoni, ta-ta-ta-ta-ta, kama mtu anayegonga mlango kwa haraka. Ngozi ikachanika, damu ikarukia uzi, ikanirukia mimi. Angeweza kuondoa mkono. Hakuondoa. Alikuwa anacheka, meno yote nje, akikanyaga na kuachia, akikanyaga na kuachia, na kidole kile hakikukosea hata mara moja. Alipomtoa, alimpiga kwa spana kichwani. Alimpiga hata baada ya kufa. Alimpiga mpaka matope chini ya kile kichwa yakawa shimo. Kisha akanawa, akambeba kambare begani hadi kwa mjane aliyekaa mlango wa tatu kutoka kwetu, akamwambia, "Mama, chemsha hii, watoto washibe. Kichwa usitafute, hakiko."

Jumapili asubuhi alikuwa kanisani, kwenye safu ya sauti nene. Aliimba kwa macho yaliyofungwa. Pasta alimwogopa, nadhani, kwa sababu hakuwahi kumpangia zamu ya kuomba kwa sauti. Nyimbo hizo alizitumia kazini pia. Akishakaza habu na kuitia grisi, aliisukuma kwa kidole gumba na kuanza kuimba. Habu ya kawaida ilisimama kabla ubeti wa kwanza haujaisha. Habu nzuri ilifika ubeti wa pili. Hivyo ndivyo alivyopima. Wateja walisimama pale kibandani wakisikiliza, na wengine waliitikia.

Nilipokuwa sina kazi nilimfuata Kawangware, nikamshikia spana. Hapo niliijua desturi yake nyingine. Kila mteja alikuwa na alama. Fundi alichukua tupa na kukata mikato midogo kwenye ukingo wa ndani wa habu, mahali ambapo hutaona mpaka ujue pa kutazama. Huyu mikato miwili, yule minne, yule mitatu na mmoja wa kuikata katikati. Alizikumbuka zote kichwani. Baiskeli ikiibwa Kawangware na kupatikana imepakwa rangi nyingine huko Dagoretti, watu walimwita Fundi. Alipiga magoti, akaangalia, akasema, "Hii ni ya fulani." Na neno lake lilitosha. Kwa miaka kadhaa pale sokoni hakuna aliyeuliza ushahidi mwingine.

Ningeweza kusema yaliyofuata yalitokana na hasira yake. Hapana. Yalitokana na sikio lake.

Kulikuwa na kijana wa maziwa, Mkamba mwenzake, mpole, mwenye baiskeli aliyoipaka rangi ya kijani yote, fremu, rimu, spoki, habu, kila kitu mpaka kengele. Tulimtania. "Wewe, siku moja mbuzi atakula hiyo baiskeli!" Naye alijibu, "Akila na wewe uko karibu, atachagua wewe, una majani mengi kichwani." Mchana mmoja alileta gurudumu la mbele, rimu imepinda baada ya kuingia mtaroni. Fundi alifungua spoki zote. Habu ilipobaki peke yake mkononi mwake, aliisukuma kwa kidole na kuanza kuimba, kwa mazoea tu. Ubeti wa kwanza ukaisha. Wa pili ukaisha. Fundi akafumbua macho. Wa tatu ukafika mwisho, ndipo habu ikasimama. Ilikuwa habu ya Kiingereza ya zamani, na yule kijana hakujua alichokuwa nacho.

Sikuwapo alipolifunga gurudumu lile upya. Nilijua baadaye.

Wiki chache zikapita. Muuza mkate, mwanamume mnene mwenye sauti ya kike, aliamka akakuta baiskeli yake haipo ukutani. Alipita soko zima akilia. Alama yake Fundi aliijua: mitatu na mmoja wa kuikata. Siku hiyo hiyo, saa nne hivi, kijana wa maziwa akapita mbele ya kibanda, akasimama kusalimia, mguu mmoja chini.

"Fundi, habari ya asubuhi?"

Fundi alikuwa ameinama. Macho yake yalikuwa sawa na gurudumu la mbele. Akanyoosha kidole gumba, akapangusa tope kwenye ukingo wa habu. Habu haikuwa ya kijani. Baiskeli nzima ilikuwa kijani, habu ya mbele ilikuwa chuma kitupu. Na kwenye chuma kile kulikuwa na mikato mitatu na mmoja wa kuikata.

"Mwizi," akasema. Mara ya kwanza alisema kama mtu anayejiuliza. Mara ya pili alipiga kelele.

Kama hujawahi kuwa sokoni neno hilo likisemwa, sijui nikuelezeje. Wanawake waliacha viazi. Mafundi wa viatu walikuja na nyundo mikononi. Sauti moja ilisema, "Woi, huyu mtoto wa maziwa?" na nyingine ikajibu, "Hao wapole ndio hao!" Kijana alishuka akiwa bado na tabasamu, akidhani ni mzaha wa mbuzi na majani. Jiwe la kwanza lilimpata sikioni. Mtungi ukaanguka na maziwa yakatandaa kwenye vumbi, na watu waliyakanyaga wakimfuata.

Alilia kitu kimoja tu, alikirudia, na nilikuwa karibu kiasi cha kusikia kila silabi.

"Fundi! Si ni wewe uliifunga? Fundi, si wewe mwenyewe uliifunga hii?"

Fundi alikuwa na pampu ya baiskeli mkononi. Alimpiga nayo mdomoni.

Nimelifikiria pigo hilo kwa miaka mingi. Nilimjua Fundi akiwa na hasira, na hasira yake ilikuwa na kicheko ndani. Hapo hakucheka. Lilikuwa pigo la kufunga mdomo. Kijana hakuweza tena kusema neno lolote, na waliobaki wakafanya waliyofanya. Walimlaza mkono wa kulia juu ya jiwe la ukingo wa mtaro na kuusaga kwa jiwe lingine, ili asiibe tena. Mimi nilipiga teke. Mbavuni. Nilikuwa na viatu vya kazi vya ngozi, vipya, na nilipiga kwa nguvu, na sikuwa nimeulizwa na mtu. Nakumbuka jinsi mbavu ilivyokubali.

Hakufa. Mzee mmoja mwenye ploti pale karibu alikuja na mkokoteni, akasema hataki maiti mbele ya nyumba zake za kupanga, wakamtupa juu yake na kumpeleka.

Siku ya tatu baiskeli ya muuza mkate ilirudi. Shemeji yake alikuwa ameichukua usiku kwenda matanga, bila kuaga. Muuza mkate aliisukuma katikati ya soko, uso umemshuka. Watu wakaizunguka. Fundi akapiga magoti, kila mtu akiangalia, na habu ya mbele ilikuwa na mikato mitatu na mmoja wa kuikata.

"Sasa?" mama mmoja wa viazi akauliza. "Yule naye?"

Kisha fundi wa viatu mmoja akasema, "Aah, kwani huwa wanaiba moja? Basi aliiba nyingine." Watu wakashusha pumzi. Ndiyo, aliiba nyingine. Wakarudi kwenye viazi. Na jina likabaki pale pale lilipowekwa.

Lakini mimi nilikuwa nimemshikia Fundi spana kwa miezi. Nilijua muuza mkate aliwahi kubadilishiwa habu ya mbele, kuukuu ikatolewa, mpya ikafungwa na kukatwa alama ile ile. Ile kuukuu ilibaki kibandani, kwenye debe la vyuma. Jioni hiyo, jua likiwa bado juu ya matete, nilikwenda Dam. Fundi alikuwa kwenye jiwe lake. Alikuwa anarusha mbali kuliko nilivyowahi kumwona, na kigurudumu hakikulia kama nyuki tena. Kilikuwa hakilii kabisa. Aliniachia fimbo akaenda kukojoa. Nikakigeuza. Kwenye vitundu vya habu ambamo spoki zilikuwa zikipita, ndani kabisa ambako msasa haufiki, kulikuwa na rangi ya kijani.

Aliporudi alinikuta nimeinama.

"Umeona nini?"

"Sijaona kitu, Fundi."

Akachukua fimbo yake. "Vizuri," akasema. Akarusha.

Nilihama Kibera wiki hiyo hiyo. Nilijiambia nimechoshwa na mji. Nilikaa Nakuru, Kisumu, Eldoret, mwaka mmoja kwenye mashamba ya miwa, miwili kwenye gereji ya Mhindi huko Voi. Kila mahali nilijifunza kitu na kuondoka. Sikumwambia mtu.

Nilirudi miaka ikiwa imepita, mwanzoni mwa ile ya themanini, na sikujua nimefuata nini mpaka nikajikuta nateremka kuelekea Dam. Majani yalikuwa yamefunika nusu ya maji, na maji yaliyobaki yalikuwa na rangi ya chai iliyolala. Ilikuwa saa tisa mchana. Mtu alikuwa ameketi kwenye jiwe bapa, amevaa koti la mvua ingawa jua liliwaka.

Nilimsikia kabla ya kumtambua. Kigurudumu chake kilikuwa kinalia kwii, kwii, kwii. Hakuwa akizungusha uzi kwa mkono wa kulia. Alitumia wa kushoto, na alirusha kwa kukunja uzi mkononi na kuuachia, kama watu wa mkebe. Risasi ilianguka hatua chache tu mbele yake.

"Fundi."

Akageuka. Jicho moja lilikuwa jeupe. "Ah. Yule wa maswali," akasema. "Uliacha sufuria kwangu. Imetoboka."

Nikaketi. Akauweka mkono wa kulia juu ya goti, nadhani ili nimalize kuangalia. Kidole gumba kilikuwa kimepinda kwenda nyuma, hakina kucha, hakikunji. Nikakitazama kigurudumu. Kilikuwa kile kile cha meza ya cherehani, lakini katikati kulikuwa na msumari wa inchi sita.

"Habu iko wapi?" nikauliza.

"Iko Kawangware," akasema. "Inabeba maziwa."

Akavuta uzi, akaangalia chambo, akarudisha. Nilidhani amemaliza. Fundi hakuwa mtu wa hadithi.

"Alikuwa anapita pale juu," akasema, akionyesha njia kwa kidevu. "Kila asubuhi, anakwenda Kambi Muru kuuza, kwa sababu Kawangware nani atanunua maziwa kwa mwizi? Kwa miguu, mtungi begani, ule mkono umening'inia kama mkono wa koti. Mwaka mzima. Alikuwa ananiona hapa. Hakunitukana hata siku moja, bana. Ningemshukuru angenitukana."

"Halafu?"

"Nikamwambia aje sokoni Jumamosi. Alifikiri nataka kummaliza. Alikuja na panga." Akacheka kidogo, kicheko cha zamani. "Nikasimama pale pale. Nikaitoa habu mfukoni. Nikawaambia: hii ndiyo yake, rangi hii hapa, angalieni. Ile mliyoiona mimi ndiye nilimfungia, kuukuu ya muuza mkate, kwa sababu hii yake niliitaka. Aliponiita nilikumbuka. Nikampiga mdomo ili msisikie. Nikawaambia, mlikuwa mnatafuta mwizi. Mwizi huyu hapa."

"Wakasemaje?"

"Kwanza walicheka. Yule wa viatu akasema Fundi amelewa. Kisha yule wa mkate akaokota jiwe."

Fundi hakuinua mkono. Hilo sikuambiwa na yeye, nilisimuliwa baadaye na mama wa viazi, na alisimulia kama mtu aliyeona kitu cha aibu: mtu yule, ambaye mkono wake ulikuwa unatangulia maneno yake, alisimama mikono chini mpaka akaanguka. Walimlaza kwenye jiwe lile lile la mtaro. Walianza na kidole gumba kwa sababu kila mtu alikijua.

"Na yeye?" nikauliza. "Kijana wa maziwa. Hakuwazuia?"

"Awazuie kwa nini?" Fundi alinitazama kana kwamba nimeuliza upumbavu. "Habu ilikuwa imeanguka chini. Aliiokota. Akaipangusa kwa shati. Akaenda zake."

Upepo ukaleta harufu ya maji. Chelezo kilikuwa kimelala ubavu kwenye majani, wala hakuna samaki ambaye angekuja.

"Wananunua kwake sasa?"

"Wananunua. Wanamwita jina lake."

Nilitaka kuinuka. Badala yake nikasema, haraka, kama mtu anayetema, "Mimi pia nilimpiga. Teke. Mbavuni."

"Najua. Nilikuona."

"Na nilijua. Ile jioni. Niliona rangi."

"Hilo pia najua." Akanipa fimbo. "Shika. Nirushie, wewe bado una kidole."

Nikaweka kidole gumba kwenye ukingo. Mbao zilikuwa zimelika umbo la kidole chake, na changu kilielea ndani ya lile bonde. Nikaipeleka fimbo nyuma, nikazungusha kiuno, nikainua upana wa unywele. Kigurudumu kikaenda kwii-kwii-kwii juu ya ule msumari, na nilikanyaga kwa wakati. Risasi ikaingia majini pale palipokuwa wazi, mbali, bila kishindo.

"Umechelewa kidogo," Fundi akasema.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda Kawangware kwa miguu. Nilimngoja karibu na ule mtaro. Baiskeli ilikuwa bado ya kijani, kijani kipya. Aliiegesha kwenye stendi, na kwa uzito wa mtungi ulioko nyuma gurudumu la mbele likainuka kutoka chini, likabaki hewani likizunguka. Alikuwa mtu mzima sasa, mwenye kipara kinachoanza. Akashika kikombe cha kupimia kwa mkono wa kushoto.

"Nikupimie ngapi, boss?"

Hakunijua. Ningeweza kusema kikombe kimoja, nikanywa, nikaenda stendi ya mabasi. Nilitazama habu. Nikajikuta naimba kimoyomoyo wimbo ambao si wa kanisa langu. Ubeti wa kwanza ukaisha, gurudumu linazunguka. Wa pili ukaisha. Yeye akangoja, kikombe mkononi, akinitazama viatu, kisha uso.

Wa tatu ukafika mwisho, na likasimama.

Nikafungua mdomo.